Kuutambua Mti wa Matunda Usiojulikana na Kuulea Mche Uliobebeshwa

Mada iliyoandaliwa kwa ajili ya mkutano wa wakazi wa kata



Ni nadra kulikuta shamba la urithi katika nyanda za chini za Mkoa wa Tanga lisilokuwa na mti hata mmoja ambao mrithi haujui. Aliyeupanda ametangulia mbele ya haki, na jina la mti ameondoka nalo. Mrithi hubaki na shina nene, kivuli kipana na matunda ambayo mwaka mmoja huwa mengi na mwaka wa pili hayaonekani. Anapopita mnunuzi wa mbao au mchoma mkaa, mti huo huwa wa kwanza kuangushwa, kwa kuwa hakuna awezaye kueleza thamani yake.

Wakati huohuo, kaya changa hukusanya akiba yake, ikanunua miche iliyobebeshwa na kuipanda kwa matumaini makubwa. Baada ya kiangazi cha kwanza, baadhi ya miche hukauka. Iliyosalia hukua vizuri, lakini siku inapozaa hutoa limau chungu mahali palipotarajiwa chungwa. Hasara ya mche wa namna hiyo haipimwi kwa bei yake ya kitaluni. Ni miaka mitatu au minne ya ardhi, maji na palizi ambayo hakuna wa kuirudisha.

Mambo haya mawili yanaonekana kuwa mbalimbali, lakini chanzo chake ni kimoja. Mwenye mti wa zamani na mwenye mche mpya wote wana swali lilelile: huu ni mti gani hasa? Mada hii inaeleza jinsi swali hilo linavyojibiwa, kisha jinsi mche unavyolelewa hadi uweze kujitegemea.

THAMANI YA JINA LA MTI

Msafiri Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331 aliandika habari za miti ya matunda aliyoikuta huko. Alitaja migomba, milimau na miti ya jamii ya michungwa. Akataja pia tunda moja lililofanana na zeituni, lenye kokwa kama ya zeituni, lakini lenye utamu mkubwa, ambalo wenyeji waliliita jammun. Kwa maelezo hayo machache wasomaji wa leo hulitambua tunda hilo kuwa zambarau, kwa kuwa nchini India zambarau bado huitwa jamun. Somo lililomo humo ni kwamba mti hutambulika kwa maelezo sahihi ya umbo, kokwa, ladha na jina la wenyeji, hata ikipita miaka mia saba.

Kuutambua mti kuna faida nne kwa mkulima. Kwanza, hujua kama mti unastahili kutunzwa, kubadilishwa kwa kubebeshwa upya, au kuondolewa. Pili, huweza kulitaja tunda lake sokoni kwa jina, na tunda lenye jina huwa na mnunuzi anayelirudia. Tatu, mti mzuri uliozoea udongo na mvua za mahali huwa chanzo cha vikonyo vya kubebeshea miche mingine. Nne, ugonjwa hauwezi kushughulikiwa ipasavyo ikiwa mgonjwa mwenyewe hajulikani.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Aina mpya zinazosifiwa leo zinaweza kuwa nzuri, lakini mwembe uliovumilia ukame wa miaka hamsini bila kumwagiliwa una sifa ambayo aina mpya bado haijaithibitisha mahali hapo.

NAMNA YA KUUTAMBUA MTI

Watu wengi hungoja tunda ndipo waanze kuuchunguza mti. Tunda ni shahidi mzuri, lakini huja mara moja au mbili kwa mwaka. Jani, gome, utomvu na harufu hupatikana kila siku.

Uchunguzi huanza na mpangilio wa majani. Katika mpera na mzambarau majani hutoka mawili mawili yakielekeana. Katika mwembe, mparachichi na mchungwa hutoka moja moja kwa kupishana. Kisha jani hufikichwa na kunuswa. Jani la mwembe hutoa harufu ya utomvu wa embe. Majani ya jamii ya mchungwa yana vijishimo vidogo vya mafuta vinavyoonekana jani likielekezwa kwenye mwanga, na kila aina ina harufu yake. Jani la mstafeli lina harufu kali isiyosahaulika. Gome nalo husema: gome la mpera ni laini, hubanduka vipande vyembamba na kuacha madoa ya rangi mbalimbali, na vijiti vyake vichanga vina pembe nne.

Mfenesi na mshelisheli ni ndugu na yote miwili hutoa utomvu mweupe, hivyo wasioizoea huichanganya. Jani la mshelisheli ni kubwa na limechanika sana pembeni kama vidole. Jani la mfenesi uliokomaa ni zima, dogo zaidi na linang'aa. Fenesi huota kwenye shina na matawi manene, lakini shelisheli huota karibu na ncha za matawi.

Jamii ya mchungwa ndiyo inayowasumbua wengi, kwa kuwa miti yake hufanana ingali michanga. Hapo alama ya kutegemewa ni shingo ya jani, yaani ile sehemu nyembamba inayounganisha jani na tawi. Katika mbalungi shingo hiyo ina mabawa mapana yaliyo wazi. Mdanzi una mabawa ya wastani, mapana kuliko ya mchungwa mtamu. Mchungwa mtamu una mabawa membamba. Mchenza na mlimau huwa na mabawa madogo mno au hazina kabisa. Mndimu una majani madogo, miiba mifupi mikali, na mabawa membamba. Jani likishafikichwa, harufu humalizia kazi: harufu ya limau haifanani na ya chungwa wala ya chenza.

Kwa mwembe, kuujua kuwa ni mwembe si kazi. Kazi ni kuijua aina. Majina kama dodo, bolibo, sindano na zafarani yanajulikana sana, lakini jina moja linaweza kutumika kwa maembe mawili tofauti katika vijiji viwili jirani. Kwa hiyo jina peke yake halitoshi. Mchunguzi huandika umbo la tunda, ukubwa wake, kama lina ncha iliyochongoka au la, rangi ya ganda likiwa bichi na likiwa bivu, rangi ya nyama, wingi wa nyuzinyuzi, unene wa kokwa, na mwezi linapoiva. Rangi ya majani machanga nayo huandikwa, maana miembe mingine huchipua majani mekundu, mingine ya shaba, na mingine ya kijani hafifu.

Kokwa yenyewe hutoa ushahidi mwingine. Baadhi ya aina za embe, kokwa yake moja huotesha miche kadhaa, na mingi kati ya hiyo hufanana na mti mama. Nyingine, kama Alphonso kutoka India na Kent na Keitt kutoka Florida nchini Marekani, kwa kawaida huotesha mche mmoja tu kwa kokwa, na mche huo hauzai tunda sawa na la mama yake. Ndiyo maana mtu anayekula embe zuri la dukani na kupanda kokwa yake mara nyingi hukata tamaa baadaye. Aina za namna hiyo huendelezwa kwa kubebesha pekee.

Tunda moja halitoshi kutoa hukumu. Tunda la kivulini, la mti mzee au la mwaka wa ukame hutofautiana na mengine. Inafaa mti uangaliwe kwa misimu miwili, na matunda matano au sita yachukuliwe sehemu mbalimbali za mti. Mtu anayepeleka sampuli kwa ofisa ugani achukue kijiti chenye majani mazima, maua yakiwepo, matunda mabichi na mabivu, na tunda moja lililopasuliwa kwa urefu. Sampuli ifungwe kwenye karatasi, kwa sababu ndani ya mfuko wa plastiki majani huvunda. Picha ya simu inayoonyesha mti mzima, gome, jani kwa pande zote mbili, na tunda kando ya rula ni msaada mkubwa.

Hapa panahitajika onyo. Tunda la mti usiojulikana lisionjwe ili kuutambua mti, na watoto waambiwe hivyo. Utomvu mweupe usigusishwe macho wala ngozi. Hata utomvu wa embe, uliozoeleka na kila mtu, huwaunguza baadhi ya watu midomo na mikono.

JE, MCHUNGWA HUGEUKA KUWA MLIMAU?

Wapo wakulima wanaosimulia kwamba mchungwa wao ulizaa machungwa kwa miaka kadhaa, kisha ukageuka kuwa mlimau. Wengine huona ni husuda ya jirani, wengine hulaumu mbolea. Mti haugeuki. Kilichotokea kina maelezo.

Mche uliobebeshwa ni mimea miwili iliyounganishwa. Wa chini, uitwao shina mama, hutoa mizizi. Wa juu, uliotokana na kikonyo au chipukizi la mti uliochaguliwa, hutoa matawi na matunda. Kwa michungwa, wenye vitalu wengi hutumia mlimau wenye ganda la makunyanzi kuwa shina mama, kwa sababu mizizi yake ina nguvu, huvumilia udongo wa kichanga na ukame, na mti unaobebeshwa juu yake hustahimili zaidi ugonjwa wa virusi vya tristeza. Mchungwa uliobebeshwa juu ya mdanzi hudhoofika na kufa virusi hivyo vikiingia, na hivyo huenezwa na vidukari.

Nguvu hiyo ya mlimau ndiyo faida, na ndiyo hatari. Machipukizi yanayotoka chini ya kiungo ni ya mlimau, nayo hukua haraka kuliko mchungwa. Yakiachwa msimu mmoja hupita juu ya matawi halali. Yakiachwa miaka miwili hunyonya maji na chakula chote, mchungwa hukauka kimyakimya, na shamba hubaki la malimau. Kwa anayetazama kwa mbali, mti ni uleule.

Kwa hiyo anayetaka kuutambua mti wa zamani aangalie pia sehemu ya chini ya shina. Mahali palipobebeshwa mara nyingi pana uvimbe, kiwiko, au mstari ambapo gome la chini halifanani na la juu. Mti wenye matunda ya aina mbili kwenye shina moja afuate kila tawi hadi linapoanzia. Tawi linaloanzia chini ya kiungo ni la shina mama, hata likiwa nene kiasi gani.

KABLA YA KUSHIKA PANGA

Mti mzee wenye afya lakini wenye matunda yasiyouzika si lazima ung'olewe. Mwembe wa namna hiyo waweza kukatwa ukiwa na urefu wa karibu mita moja kutoka ardhini, huku tawi moja likiachwa kwa muda ili kuulisha mti. Machipukizi yakitoka, machache yenye nguvu huachwa, na yakifikia unene wa penseli hubebeshwa vikonyo vya aina inayotakiwa. Kwa kuwa mizizi ni mikubwa tayari, mti huo huzaa mapema kuliko mche mpya. Shina lililobaki wazi kwenye jua hupakwa chokaa ili gome lisiungue. Kazi hii ifanywe na mtu aliyefundishwa kubebesha, na vikonyo vikatwe kwenye mti unaojulikana, uliokwisha kuzaa na usio na dalili za ugonjwa.

KUCHAGUA MCHE

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mche unaopitishwa mitaani kwenye baiskeli huenda ukawa mzuri, lakini muuzaji wake hana anwani siku mti utakapozaa. Mnunuzi aende kitaluni, aulize vikonyo vilikatwa kwenye mti gani, na ikiwezekana auone mti huo. Apewe risiti au maandishi yenye jina la aina, shina mama na tarehe. Taasisi ya Kudhibiti Ubora wa Mbegu Tanzania, yaani TOSCI, ndiyo yenye jukumu la ubora wa mbegu na miche nchini, na ofisa ugani wa kata aweza kueleza ni vitalu vipi vya karibu vinavyotambuliwa.

Mche mzuri una kiungo kilichofunga vizuri, kisicho na ufa, kilichopo walau sentimita 20 juu ya udongo wa mfuko. Kikonyo kiwe kimeota majani mapya na majani hayo yawe yamekomaa. Shina liwe limenyooka. Mizizi iliyojizungusha ndani ya mfuko, au mzizi mkuu uliotoboa mfuko na kuingia ardhini, ni dalili kwamba mche umekaa kitaluni kupita kiasi. Mche mrefu si lazima uwe bora. Mche mfupi wenye shina nene hushika haraka zaidi.

KUPANDA

Mashimo huchimbwa kabla ya mvua. Kwa miche itakayopandwa masika, yaani kuanzia Machi, mashimo yawe tayari mwezi Februari. Kwa mvua za vuli yawe tayari Septemba. Shimo la sentimita 60 kwa kila upande, upana, urefu na kina, linatosha katika udongo mwingi. Udongo wa juu huwekwa upande wake na wa chini upande wake. Wakati wa kupanda, udongo wa juu huchanganywa na debe moja au mawili ya samadi iliyooza vizuri na kurudishwa shimoni kwanza. Samadi mbichi huunguza mizizi na kuita mchwa.

Nafasi isipunguzwe kwa tamaa ya kuongeza miti. Michungwa kwa nafasi ya mita 6 kwa 6 huingia kama 112 katika ekari moja. Miembe kwa mita 10 kwa 10 huingia 40. Shamba lililosongamana huonekana zuri miaka mitano ya kwanza, kisha matawi hupambana, jua haliingii, na magonjwa ya ukungu hupata makao.

Mche upandwe jioni au siku ya mawingu. Mfuko hupasuliwa na kuondolewa wote, bila kuubomoa udongo unaoshika mizizi. Mche hukaa katika kina kilekile ulichokuwa nacho kitaluni, na kiungo hubaki juu ya ardhi kwa kiasi cha kiganja na zaidi. Jambo hili lisipuuzwe. Kiungo kikifukiwa, sehemu ya juu huota mizizi yake yenyewe na faida ya shina mama hupotea. Na kwa mchungwa, matone ya mvua hurusha udongo wenye vimelea vya kuoza hadi kwenye gome, shina likatoa utomvu na kuoza.

MALEZI YA MIAKA MIWILI YA MWANZO

Kazi ya kwanza ni kamba ya plastiki iliyofungwa kwenye kiungo. Kiungo kikishashika, kamba hiyo hukatwa kwa wembe upande usio na jeraha la kubebeshea. Ikisahaulika hukaba shina: juu yake huvimba, majani hugeuka manjano, na siku ya upepo mche hukatikia hapohapo.

Kazi ya pili ni machipukizi ya chini. Kila wiki mbili mwenye mche aukague kuanzia ardhini hadi kwenye kiungo, na kila chipukizi linalotoka hapo aling'oe kwa vidole lingali laini. Likikatwa kwa kisu na kuacha kisiki, hutoa mengine mawili. Kwa mchungwa, jani la mlimau hujitambulisha kwa harufu yake na kwa miiba mingi. Kwa mwembe, majani ya shina mama na ya kikonyo hufanana mno, hivyo kipimo ni mahali chipukizi lilipotokea.

Kazi ya tatu ni maji. Mche mchanga huhitaji kiasi cha lita 10 hadi 20 mara mbili kwa wiki katika kiangazi cha kwanza, kulingana na udongo. Maji mengi ya mara chache ni bora kuliko kikombe kila siku, kwa sababu hushuka chini na kuivuta mizizi ifuate. Palipo na uhaba, chungu kisichopakwa rangi hufukiwa kando ya mche, hujazwa maji na kufunikwa. Maji huvuja polepole kwenye udongo. Matandazo ya nyasi kavu yenye unene wa vidole vinne hupunguza upotevu wa unyevu na magugu, ila yasiguse shina. Duara la upana wa kiganja libaki tupu. Mahali penye mchwa matandazo yainuliwe na kukaguliwa kila wiki.

Kazi ya nne huwaumiza wengi moyo: kuondoa maua na matunda ya kwanza. Kikonyo hutoka kwenye mti uliokwisha kukomaa, kwa hiyo mche huweza kutoa maua ungali na urefu wa goti. Matunda hayo hula chakula ambacho kingejenga mizizi na matawi. Maua ya mwaka wa kwanza na wa pili yaondolewe yote. Mti utakaoanza kubeba matunda mwaka wa tatu au wa nne ukiwa na nguvu utayalipa hayo kwa miaka mingi.

Kazi ya tano ni umbo. Samaki mkunje angali mbichi. Mwembe ukifikia urefu wa karibu mita moja hukatwa ncha ili utoe matawi, na matatu au manne yaliyoelekea pande mbalimbali huachwa. Mchungwa huhitaji kukatwa kidogo tu: matawi makavu, yanayosuguana, na yanayogusa ardhi. Mkasi au kisu hufutwa kwa spiriti au maji ya dawa ya klorini kabla ya kuhamia mti mwingine.

Kunde, karanga na maharage huweza kupandwa katikati ya miche, mita moja mbali na kila shina. Mazao ya kutambaa hupanda juu ya mche na kuufunika. Uzio wa miiba huzuia mbuzi, na njia ya kuzuia moto isafishwe kabla ya kiangazi, kwa kuwa moto wa usiku mmoja huteketeza kazi ya miaka mitatu.

DALILI ZA KUANGALIA

Mistari ya fedha iliyopindapinda kwenye majani machanga ya mchungwa ni kazi ya kidomozi. Viwavi wadogo wanaofanana na kinyesi cha ndege ni watoto wa kipepeo, nao huweza kumaliza majani ya mche mdogo kwa siku chache. Huokotwa kwa mkono. Vidukari na vidugamba hufuatana na sisimizi wanaokusanya umajimaji wao mtamu. Madoa meusi kwenye majani machanga ya mwembe wakati wa mvua mara nyingi ni chule, na unga mweupe kwenye maua ni ubwiriunga.

Dalili ya kuogopwa zaidi ni majani ya mchungwa kuwa na madoa ya manjano yasiyolingana pande mbili za jani, pamoja na matunda madogo yaliyopinda yanayobaki kijani sehemu ya chini. Hizo zaweza kuwa dalili za ugonjwa wa greening, unaoenezwa na wadudu wadogo na pia kwa kubebesha vikonyo kutoka mti mgonjwa. Hauna tiba. Taarifa itolewe mapema kwa ofisa ugani, na vikonyo visikatwe kamwe kwenye mti huo. Viuatilifu vitumike kwa ushauri, na viwe vile vilivyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania.

WAJIBU WA KILA KAYA

Utambuzi wa miti hauhitaji fedha. Unahitaji daftari. Kila kaya yaweza kuchora ramani ndogo ya shamba lake, ikaipa kila mti namba, na kuandika jina lake, aliyeupanda, mwezi unaotoa maua na mwezi unaozaa. Kwa mche mpya huongezwa kitalu ulikotoka, aina ya juu, shina mama na tarehe ya kupandwa. Kibandiko cha karatasi kitaluni huoza katika masika moja; daftari hukaa.

Wazee waulizwe wakati bado wapo. Bibi anayekumbuka kwamba mwembe wa kisimani uliletwa na mkwe kutoka Pangani ana habari isiyopatikana katika ofisi yoyote. Vijana wenye simu wapige picha, wazee wataje majina, na ofisa ugani apelekewe yale yaliyoshindikana. Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI, ina kituo Mlingano wilayani Muheza, na kituo chake cha Tengeru mkoani Arusha hushughulikia mazao ya bustani. Maswali yaliyokusanywa vizuri na kata huweza kufikishwa huko kupitia idara ya kilimo ya halmashauri.

Mvua zijazo zitakuta baadhi ya mashimo yamechimbwa na mengine bado. Kabla ya kununua mche wowote, kila kaya ianze na mti mmoja ambao haujui jina lake, iandike yanayoonekana, na imwulize mzee mmoja. Panga lingoje hadi jibu lipatikane.